Kitambaa cha Mama kwenye Pikipiki ya Khocha

Mjukuu wangu hujipaka mafuta ya mbarika kichwani. Huyanunua kwa chupa ndogo kwenye vibanda vilivyo chini ya jengo letu hapa Soweto East, kisha hukaa mbele ya kioo akizigawa nywele kwa kitana. Juzi aliifungua chupa nikiwa namenya viazi. Nikaweka kisu chini bila kujua kwamba nimekiweka.

"Kukhu, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Ni ya kukuza nywele tu. Hata wewe nikupake?"

"Hapana, mama. Hiyo tunajuana zamani."

Nyinyi mliokua nami mnayakumbuka mafuta hayo kwa kijiko. Shule zikifungwa tulipangwa mstari, pua ikabanwa, tukanyweshwa ili tumbo lisafike, na siku nzima tukashinda karibu na choo. Lakini mimi harufu yake naijua pia ikiungua. Pikipiki za mashindano zilitiwa mafuta hayo kwenye injini, na moshi wake ulikuwa mtamu na mzito, kama sukari iliyoungulia sufuriani. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba pikipiki nazo zina minyoo, ndiyo maana zinanyweshwa kabla ya kukimbia. Nilimwambia baba yangu hivyo. Hakucheka. Alisema, "Hata mimi ningekuwa nakunywa hiyo, ningekimbia."

Baba alikuwa fundi. Tuliishi Kambi Muru, upande wa Kibera, na kibanda chake cha kazi kilikuwa Kongo, ndani ya Kawangware, kwa hiyo kila asubuhi alivuka Ngong Road kwa miguu na kila jioni akarudi hivyo hivyo, mikono ikinuka petroli hata baada ya kuisugua kwa majivu. Wakati huo kulikuwa na chama cha watu waliopenda pikipiki kuukuu. Zilikuwa mashine za enzi za baba zao, zenye matangi yaliyong'arishwa mpaka unaona meno yako. Mara chache kwa mwaka walizishindanisha kwenye uwanja wa vumbi na lami iliyochakaa, nje kidogo ya mji. Mmoja wa wazee wa chama alimfundisha Baba ukaguzi, na baada ya muda Baba akawa mmoja wa wakaguzi watatu. Hakuna pikipiki iliyoingia uwanjani bila kupita mbele yao.

Alikuwa akinichukua. Mama alishinda na ndugu zangu wadogo, na mimi nilikuwa mkubwa kidogo, naweza kubeba chakula na kunyamaza. Nilikaa juu ya debe lililopinduliwa na kumtazama. Alianza chini daima. Alipiga magoti, akaitafuta bolti ya kumwagia oili, akaangalia kama imefungwa kwa waya mwembamba uliosokotwa, ili hata ikilegea kwa mtikisiko isidondoke na kumwaga oili mbele ya gurudumu la mwenzio. Akatazama cheni, kama imekingwa isimeze vidole. Akatazama mikono ya breki na klachi, kama ncha zake zina kifundo cha mviringo, maana mkono uliovunjika ncha hugeuka mkuki, na mtu akianguka juu yake humwingia. Taa ziwe zimetolewa, au zimefunikwa kwa utepe, kioo kisije kikatawanyika njiani. Kichupa cha kudaka oili kiwepo. Halafu alishika mkono wa kuongeza moto, ule unaoipa injini mwendo, akauzungusha mpaka mwisho, akauachia. Ulipaswa kurudi wenyewe, kwa sauti ndogo kama mlango wa kabati. Usiporudi, mwenye pikipiki alirudi yeye.

Watu walimbembeleza, wengine walimtukana. Yeye hakupandisha sauti. "Sheria hizi hazikutungwa mezani," aliwahi kuniambia tukirudi nyumbani. "Kila moja ina mtu amelala chini yake."

Pikipiki ikipita, alichovya brashi kwenye mkebe wa rangi ya buluu na kuipaka alama juu ya fremu, na nyingine kwenye helmeti ya mwendeshaji.

Sasa lazima niwaeleze kanisa letu, maana bila hilo hamtaelewa nilivyokosea. Lilikuwa kanisa la kanzu nyeupe, chumba cha mabati hapo Kambi Muru, ngoma mbili na sakafu ya udongo. Viatu vilibaki nje. Mlangoni alikaa Mama Salome, mjane wa kutoka pande za ziwa, muuza makaa, ambaye hata Jumapili kucha zake zilikuwa nyeusi. Kila aliyetaka kuingia alisimama mbele yake na kuulizwa, "Una nini moyoni?" Ulisema mbele ya waliokuwa nyuma yako. Umegombana na jirani, umesema uongo, una wivu. Ukishasema, uliingia. Aliyekuwa na kinyongo na mtu na hataki kukisema alikaa nje, juu ya jiwe, mpaka siku atakayoweza. Hakuna aliyemfukuza. Alikaa tu hapo, akisikia nyimbo kupitia mabati.

Kwa hiyo nilipomtazama Baba amepiga magoti mbele ya pikipiki, akiigusa hapa na pale, akiikaribishia sikio, niliona Mama Salome mwingine. Niliamini anaiuliza ina nini moyoni. Na ile rangi ya buluu niliijua pia. Tulikuwa tumefundishwa habari za usiku ule wa Misri, damu ikapakwa kwenye miimo ya milango, na mauti yakaiona na kupita. Hakuna aliyeniambia kwamba rangi ya Baba ni kitu cha namna hiyo. Nilijiambia mwenyewe, na kwa kuwa sikumwambia mtu, hakuna aliyenisahihisha.

Khocha ndivyo tunavyomwita ndugu wa kiume wa mama, sisi watu wa magharibi. Khocha wangu mdogo aliitwa Simiyu. Mama ndiye aliyemlea baada ya nyanya kufa, akamleta Nairobi, akampeleka kwa Baba kule Kongo ajifunze ufundi. Alikuwa mrefu, mwenye mapengo mawili, na hakuweza kuvuka chumba bila kumchokoza mtu. Mwenye duka moja la vipuri, mzee aliyeshindana ujanani na sasa magoti yamemkataa, alikuwa na pikipiki nyeusi ya zamani sana. Khocha aliitengeneza miezi mingi kwenye kibanda cha Baba. Mwishowe mzee akamwambia aiendeshe yeye.

Mama hakulala vizuri tangu aliposikia. Asubuhi ya mashindano alikuja Kongo na wenzake wawili wa kanisa, wamevaa kanzu. Kwetu, mtu akienda safari ya hatari, mama yake au dada aliyemlea huchana utepe kwenye pindo la kanzu yake mwenyewe, wanawake wanauombea, anafungiwa. Na pindo hilo halishonwi mpaka msafiri arudi. Mama aliuchana pale pale mbele ya mafundi. Waliimba kwa sauti ya chini, mikono juu ya tangi. Kisha akaufunga utepe kwenye usukani.

"Dada, sasa hii pikipiki imeokoka," Khocha akasema. "Nikiiwasha itaanza kukemea pepo."

"Nyamaza, wewe. Usiufungue huo utepe."

"Siufungui."

"Hata nani akikuambia."

"Hata nani."

Baba hakuwepo. Alikuwa ametangulia uwanjani kupanga vifaa vyake. Mimi nilipanda nyuma ya pikapu iliyobeba pikipiki, nikaushikilia usukani, na njia nzima utepe ule ulipepea ukinigusa uso.

Foleni ya ukaguzi ilikuwa ndefu. Zamu ya Khocha ilipofika, wakaguzi wenzake Baba walikuwa wanashughulika na wengine, kwa hiyo ikawa ya Baba. Alianza chini kama kawaida. Waya, cheni, breki. Alimwinamia shemeji yake kama alivyowainamia wote, wala hakumharakishia. Alipofika kwenye usukani akasimama.

"Hii nini?"

"Shem, unaijua. Ni ya dada."

"Naijua. Toa."

"Mimi namwogopa dada kuliko hiyo kona ya chini. Mwambie yeye atoe."

Waliokuwa nyuma kwenye foleni wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Simiyu, uliza dada yako alimtoa wapi huyo askari!"

"Jela," Khocha akajibu bila kugeuka. "Alimtoa jela, akampenda."

Baba alingoja wamalize. "Chochote kinachoning'inia hakipiti. Ikifunguka itaingia kwenye cheni, ama ishike waya wa moto. Moto ukikwama juu, utafanya nini?"

"Naifunga fundo mbili."

"Kitambaa hufunguka, Simiyu. Waya haifunguki."

"Na maombi je?"

Nakumbuka Baba alijifuta mikono kwenye suruali, jambo ambalo hakulifanya kazini. "Maombi hayashikwi na fundo," akasema. Akatoa kisu kidogo, akaukata utepe, akaukunja mara mbili, akampa Khocha mkononi. "Weka ndani ya koti. Karibu na mwili."

Kisha akachovya brashi na kupaka alama ya buluu.

Nilitazama yote hayo juu ya debe langu na sikuhuzunika. Nilifikiri Baba ametoa kinga moja na kuweka nyingine. Kama mtu anavyobadilisha kufuli.

Ajali yenyewe haikuwa na kelele nyingi. Pikipiki zilipita mara kadhaa, moshi mtamu ukatanda, nikala githeri. Injini ya mmoja aliyekuwa mbele ya Khocha ikapasuka kwenye kona ya chini, oili ikamwagika njiani, na Khocha akaikanyaga. Niliona pikipiki nyeusi ikilala ubavu polepole, kama ng'ombe anayejilaza. Ikaenda upande wake, naye upande wake, mpaka kwenye marobota ya nyasi kavu na nguzo iliyokuwa nyuma yake. Bendera zikapepea. Pikipiki nyingine zikasimama.

Halafu Khocha akasimama. Watu walipiga makofi. Alijikung'uta vumbi, akavua helmeti mwenyewe, akaja akitembea kandokando ya njia, na aliponifikia akaniambia, "Nekesa, umeona vile nimeruka?"

"Nimeona."

"Leta maji."

Nilimpa maji ya Baba. Alikunywa kidogo, akakaa chini, akasema anataka kupumzika. Nilitazama helmeti aliyoishika, alama ya buluu ikiwa safi kabisa, haijakwaruzwa, nikamshukuru Mungu kwamba mauti yameiona na kupita. Nilikuwa bado nashukuru walipomwinua na kumweka nyuma ya gari.

Alifariki hospitalini kabla jua halijazama. Ndani alikuwa ameumia vibaya, walisema, na nje hapakuonekana kitu.

Toka hapo mambo nayakumbuka kama mtu anayetazama kupitia nailoni. Nyumba ilijaa watu. Sufuria kubwa za chai. Mtu alinisuka nywele, sijui ni nani. Sikulia. Walinisifu kwamba ni msichana mwenye nguvu, nami sikujua wanasifu nini, kwa sababu sikuwa nimezuia chochote. Kilichotakiwa kuja hakikuja.

Baba hakuwa mtu wa kuficha. Siku ile ile, kabla ya wageni kufika, alimwambia Mama, "Nilikikata kitambaa. Kilikuwa usukanini, sheria hairuhusu. Nilimpa akaweka ndani ya koti."

Mama alikuwa ameletewa lile koti. Akatia mkono mfukoni akautoa utepe, umekunjwa vile vile. "Kweli," akasema. "Ulikuwa mfukoni. Mimi nilifunga kwenye pikipiki."

Tulimpeleka nyumbani tukamzika. Kule, maneno yalisemwa waziwazi. Wengine walisema Baba aliipitisha pikipiki mbovu kwa sababu ni ya shemeji. Wengine walisema alimkatia kijana maombi. Ndugu wakubwa wa Mama walimkalisha Baba mbele ya wazee wakamweleza: baada ya ajali kuna ukaguzi wa pili, wamesikia; basi kosa likipatikana kwenye pikipiki hiyo, dada yao hatakaa na mtu aliyemuua ndugu yake. Baba akasema ni haki. Mama alikuwepo. Alitazama mikono yake.

Ilikuwa kweli kuna ukaguzi wa pili. Pikipiki iliyoua mtu hufungiwa, na hukaguliwa na mtu ambaye hakuigusa mara ya kwanza. Tuliporudi Nairobi Baba alienda, akasimama kando mikono nyuma, akitazama mwenzake akipiga magoti. Nilikuwa nyumbani nikiosha vyombo aliporudi. Mama alikuwa anachambua mchele. Baba hakukaa.

"Waya haujakatika," akasema. "Moto unarudi wenyewe. Breki zinashika. Ile pikipiki iliyomwaga oili nayo ilikuwa sawa, ni chuma kilichochoka ndani ya injini, pale jicho halifiki. Hakuna kosa lililopatikana."

Mimi nilifikiri sasa yamekwisha. Niliacha kusugua, nikangoja Mama aseme ashukuriwe Mungu.

Mama aliendelea na mchele. Akatoa jiwe, akaliweka kando. "Hilo ndilo linaniuma, Baba Nekesa," akasema. "Ungekuwa na kosa, ningekusamehe. Sasa nikusamehe nini?"

Alibaki. Alipika, alifua, alimwekea Baba maji ya kuoga. Lakini Jumapili iliyofuata, alipofika mlangoni na kuulizwa ana nini moyoni, hakujibu. Mama Salome alimngoja. Watu nyuma walingoja. Kisha Mama akatoka kwenye mstari, akaenda kukaa juu ya jiwe.

Baba aliulizwa swali hilo hilo, akajibu, "Hakuna kosa lililopatikana." Mama Salome alimtazama, akamwachia apite. Akaingia kukaa mahali pake, karibu na ngoma.

Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Mama alivaa kanzu, akatembea nasi mpaka kanisani, akakaa nje. Jua lilimpiga, siku nyingine manyunyu. Sisi watoto tuliingia bila kuulizwa, kwa maana watoto hawakuulizwa, na ndani nilikaa mahali ambapo tundu moja la mabati lilinionyesha bega lake. Nilikuwa nikilitazama bega hilo wakati wa mahubiri. Hata leo nikisikia mahubiri marefu naliona.

Kwa akili yangu ya kitoto, Mama alikuwa ameshindwa ukaguzi. Na mimi nilijua kazi ya mkaguzi, nilikuwa nimeitazama vya kutosha. Unaanza chini. Siku moja kanzu yake ilipokuwa imeanikwa kwenye kamba nilipiga magoti mbele yake nikaanza chini, na pale chini nikaona kasoro. Pindo lilikuwa limechanwa. Kitu cha kutengeneza kilikuwa mbele ya macho yangu na watu wazima wote hawakukiona. Nilitafuta kipande cha kitambaa cheupe, nikachukua sindano, nikakishona kwa uzi mweusi, maana mweupe ulikuwa umeisha.

Mama aliona Jumamosi akipiga kanzu pasi. Aliishika ile sehemu kwa vidole viwili.

"Nani ameshona hapa?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Ndiyo upite mlangoni."

Hakukasirika. Alikaa kitandani, kanzu mapajani, akanivuta karibu. "Pindo hushonwa mtu akirudi," akasema. "Nani amerudi, Nekesa?"

Nilifikiri sana. Nilijua jibu, lakini nilihisi kwamba kulisema ni kama kumnyang'anya kitu. "Sijui," nikasema.

"Basi."

Akachukua sindano akaanza kuufumua uzi, kipande kwa kipande, bila kuukata, na kila alichotoa akakiweka kwenye mkebe wa nyuzi. Baba alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alimtazama mpaka akamaliza, kisha akatoka nje, nikasikia akisugua mikono kwa majivu ingawa hakuwa ametoka kazini.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo na Mungu amenitunza. Nimezika watu zaidi, nimepokea wajukuu. Nikisali huwa simwombi anieleze siku zile. Namshukuru kwamba zilipita nasi tungali watu wa nyumba moja. Lakini shukrani si kitu sawa na kuelewa, na katika uzee wangu nimeacha kuzichanganya hizo mbili.

Kesho yake baada ya uzi kufumuliwa, Jumapili, Baba hakusimama kwenye mstari. Alienda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe, akasogeza kanzu yake, akakaa kando ya Mama. Ngoma zilianza. Niliwaacha ndugu zangu waingie, mimi nikabaki nje nikijifanya natafuta kiatu.

Nyimbo mbili zilipita, labda tatu. Kisha Mama akauliza, akitazama mbele, "Ulimwambia nini mwisho?"

"Nani?"

"Simiyu. Kabla ya bendera."

Baba alikohoa. "Nilienda pale kwenye mstari wa kuanzia. Nikamwambia afunge mkanda wa helmeti."

"Akasema?"

"Akasema, 'Nimefunga, Shem. Wewe sasa umekuwa mama yangu.'"

Mama alitoa sauti puani. Nilifikiri ni kilio, lakini alikuwa anacheka. "Huyo," akasema. "Huyo! Alikuja Nairobi hajui hata kufunga kamba za viatu. Nilikuwa namfungia mimi, na ndevu zimeshamwota."

"Alikuwa hajafunga," Baba akasema. "Mkanda. Alinidanganya. Nilimfunga mimi."

Ndipo kicheko cha Mama kikageuka. Alilia akiwa ameinama, paji la uso magotini, na Baba alikaa wima pembeni yake kama mtu anayengoja kuitwa.

Mama Salome alikuwa ametoka mlangoni mwake. Sikuwahi kumwona akiacha mlango ibada ikiendelea. Alikuja akichechemea mpaka kwenye jiwe, akasimama mbele yao na mikono kiunoni.

"Nyathina," akamwambia Mama, yaani mtoto wangu kwa lugha ya kwao, "una nini moyoni?"

Mama aliinua uso. "Nina uchungu na Mungu, mama. Si na huyu. Nilifikiri ni na huyu."

Sikuwa nimewahi kusikia mtu akisema hivyo mlangoni, na nilijua hilo halipiti.

Mama Salome alitafuna mdomo wake. "Ingia nao," akasema. "Usiuache hapa nje, watoto wataukanyaga." Kisha akamgeukia Baba. "Na wewe?"

Baba alisimama kwa heshima. "Mimi, mama, hakuna kosa lililo—"

"Sikukuuliza habari ya pikipiki."

Baba alifungua mdomo tena. Ilitoka sauti ambayo sikujua kwamba inakaa ndani ya baba yangu, nyembamba, isiyo na maneno, ikaendelea na kuendelea. Mama alisimama. Alimshika mkono wa kanzu na kumvuta kuelekea mlangoni, kama unavyomwingiza mtu nyumbani mvua ikianza, na wakaingia hivyo, yeye mbele, pindo lake limechanika, Baba nyuma akiwa bado anatoa sauti ile.

Mimi nilifuata. Nilijipanga mbele ya Mama Salome, nikasimama wima kama mtu mzima, mikono chini, tayari. Nilikuwa na mengi ya kusema siku ile, kama ningejua ni yapi. Lakini alikuwa anajifuta macho kwa nyuma ya mkono, makaa yakimpaka shavuni, na hakuniuliza kitu. Nikapita.